Msimtoe Shujaa Darasani

Januari 2024 Marvel, kampuni ya komiki ya Marekani, ilianza upya hadithi ya Spider-Man kwa namna iliyowashangaza wengi. Katika Ultimate Spider-Man ya mwandishi Jonathan Hickman na mchoraji Marco Checchetto, Peter Parker si mwanafunzi. Ni mume wa mtu, baba wa watoto wawili, mfanyakazi wa gazeti, na nguvu za buibui anazipokea akiwa mtu mzima mwenye ndevu. Komiki hiyo ilipendwa mno, na ilipofika tamati mwanzoni mwa 2026 baada ya matoleo 24, wasomaji wengi walikuwa wameshakata kauli: shule ilikuwa mzigo tu kwa shujaa huyu, na hadithi za mashujaa sasa zimekomaa kwa kuwa zimeachana na kengele, sare na mitihani. Kauli hiyo nimeisikia pia kwa vijana wanaochora hapa Kisumu na kule Nakuru. Wanapobuni shujaa wao, jambo la kwanza wanalofanya ni kumtoa shuleni. Wengine humpa umri wa miaka ishirini na mitano moja kwa moja, wamalizane na suala la darasa kabla halijawasumbua.

Naamini wameisoma vibaya komiki wanayoisifu. Shule katika hadithi hizi ina kazi moja kubwa: ndipo mahali ambapo shujaa anaishi na watu wenye haki ya kumuuliza, "Ulikuwa wapi?" Mwalimu ana haki hiyo, mzazi anayo, rafiki wa dawati moja anayo. Pasipo na mtu wa kuuliza, nguvu zinakuwa za bure, na shujaa anaweza kuruka juu ya mapaa usiku kucha bila kupoteza chochote. Hickman alilielewa hilo vizuri. Alimwondoa mwalimu, akaweka mke na watoto kwenye nafasi ileile, na swali likabaki palepale mlangoni kila Peter anaporudi amechelewa. Anayeondoa shule bila kuweka kitu chenye uzito huo amebakiza nguo za rangi na ngumi. Sisi wa magharibi mwa Kenya tuna sababu zaidi ya kulitazama jambo hili, kwa maana maisha ya mwanafunzi wa huku yana vitu vya kusimulia ambavyo waandishi wa New York hawakuwa navyo.

Turudi nyuma kidogo. Mashujaa wa kwanza wa komiki za Marekani walikuwa watu wazima, na watoto waliwekwa pembeni. Robin alitokea 1940 akiwa msaidizi wa Batman, mtoto yatima aliyelelewa kwenye jumba la tajiri, na masomo yake hayakumzuia kwenda popote. Mwaka huohuo alikuja Billy Batson, mvulana ambaye akitamka neno moja la kichawi anageuka jitu lenye misuli. Litazame hilo kwa makini: ili awe shujaa, mtoto alilazimika kwanza kuacha kuwa mtoto. Hata Superboy, aliyeanza 1945 na ambaye alisoma shule ya kijijini kwao, hakupungukiwa na kitu. Wazazi wake walijua siri, nguvu zake zilitosha kwa kila jambo, na akitaka kuwahi darasani angewahi.

Agosti 1962, katika toleo la 15 la jarida la Amazing Fantasy, mwandishi Stan Lee na mchoraji Steve Ditko walifanya jambo tofauti kabisa. Peter Parker aliumwa na buibui akabaki alivyokuwa: mvulana wa shule ya upili asiye na marafiki, anayelelewa na mjomba na shangazi wasio na mali. Kwanza alizitumia nguvu zake kutafuta pesa kwenye maonyesho. Akamwacha mwizi apite kwa kuwa haikumhusu, na mwizi huyohuyo akaja kumuua mjomba Ben. Tangu hapo hadithi nzima ni hesabu ya madeni. Ana deni kwa marehemu, kwa shangazi May anayeugua mara kwa mara, kwa walimu, na kwa wenzake wanaomwona mwoga kwa sababu hatari ikitokea yeye ndiye wa kwanza kutoweka. Kila akilipa deni moja, jingine linaiva.

Watu husahau kwamba kipindi hicho cha shule kilikuwa kifupi. Peter alihitimu katika toleo la 28 la The Amazing Spider-Man, Septemba 1965, miaka mitatu tu baada ya kuzaliwa kwenye karatasi. Na matoleo machache baadaye, alipoingia chuo kikuu, ndipo ilipokuja sehemu ambayo kwangu inapita zote. Nilisoma nakala isiyo na jalada nikiwa kidato cha pili. Ni toleo la 31. Shangazi May yuko hospitalini, na Peter anatembea kwenye korido za chuo akili yake yote ikiwa kitandani kwa mgonjwa. Wanafunzi wenzake, Gwen Stacy na Harry Osborn, wanajaribu kuzungumza naye. Hawaoni, hawasikii, anawapita. Nao wanahitimisha kwamba kijana huyu mgeni ana majivuno. Hakuna adui aliyempiga katika korido ile, lakini amepata hasara ambayo hawezi hata kuieleza, kwa kuwa maelezo yote yanaanzia kwenye siri. Methali ya mshika mbili hutajwa sana watu wanapozungumzia hadithi hizi, kana kwamba suala ni mikono miwili na vitu viwili, kana kwamba ratiba nzuri ingemwokoa. Peter hana tatizo la ratiba. Saa angeweza kuzipanga. Tatizo lake ni kwamba kila saa anayoitoa kwa jiji anaikata kutoka kwa mtu anayemwamini, na mtu huyo hajui kwa nini amekatwa.

Wanaotaka shule iondolewe wana hoja moja nzito, na haifai kuikwepa. Wanasema shule imekuwa kifungo. Kampuni ina faida kubwa kumweka shujaa kwenye umri wa miaka kumi na mitano milele, basi inamrudisha huko kila akijaribu kukua. Ushahidi upo. Mwaka 2000 Marvel ilianza Ultimate Spider-Man ya kwanza, Peter akarudishwa kuwa mvulana wa miaka 15. Alipokufa mwaka 2011, katika toleo la 160, alikuwa na miaka 16. Miaka kumi na moja ya uchapishaji kwa takriban mwaka mmoja wa maisha. Ndani ya muda huo mfupi alipigana na maadui wote waliowahi kubuniwa, akapendana, akaachana, akafukuzwa kazi, na bado alikuwa hajamaliza shule. Msomaji aliyeanza naye darasani alikuwa ameshapata kazi. Hapo nakubali kabisa kwamba shule imetumika vibaya. Shule yenye maana kwenye hadithi lazima iwe na mwisho, kwa sababu kinachoipa uzito ni kwamba muhula unaisha, mtihani unakuja, na nafasi iliyopotea hairudi. Ukisimamisha kalenda umemfutia shujaa madeni yake yote. Ila dawa ya kalenda iliyosimama ni kuiruhusu itembee, kama Lee na Ditko walivyofanya 1965. Kumtoa mtoto shuleni ni dawa ya ugonjwa mwingine.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayosikika zaidi kwetu, hasa kwa wazazi na baadhi ya walimu: kwamba komiki hizi zinamfundisha mtoto kutoroka shule na kudanganya nyumbani. Anayesema hivyo ameona mvulana akiruka dirishani, akafunga kitabu kabla ya kufungua ukurasa unaofuata. Chukua Kamala Khan, binti wa familia ya Kipakistani huko Jersey City, ambaye G. Willow Wilson na Adrian Alphona walimpa komiki yake mwenyewe mwaka 2014, na juzuu yake ya kwanza ikashinda Hugo, tuzo ya hadithi za kubuni za kisayansi na fantasia, mwaka 2015. Kamala anatoroka nyumbani usiku kwenda sherehe aliyokatazwa, na huko ndiko anakopata nguvu. Kama hadithi ingeishia hapo, mzazi angekuwa na haki. Lakini inaendelea, na karibu kila kinachofuata ni bei ya usiku ule. Katika toleo la 6 wazazi wanampeleka kwa sheikh wa msikiti wao. Kamala anatarajia kuhubiriwa. Sheikh anatambua kwamba binti huyu ana jambo analolificha na kwamba hataliacha, basi anamwambia kama ni lazima alifanye, alifanye kwa ujasiri, ukweli, huruma na kujiheshimu, na atafute mwalimu. Sijui hekima zaidi ya hiyo ambayo mtu mzima angeweza kumpa kijana aliyekwisha kuamua.

Baadaye, mwaka 2016, Kamala anajiunga na mashujaa wakubwa na kulemewa na kila kitu kwa pamoja: shule, doria, maandalizi ya harusi ya kaka yake. Anapata ujanja. Anatengenezewa nakala za mwili wake, moja iketi darasani, nyingine ihudumu nyumbani. Nakala hizo zinaweza kusema maneno machache tu, tena yaleyale, na kwa muda watu wanaridhika. Kisha zinaanza kuongezeka zenyewe hadi zinaujaza mji. Sijaona mahali pengine ambapo udanganyifu wa kijana umechorwa kwa ukali huo. Anayedhani unaweza kupeleka kivuli chako kwa watu wako na kubaki na uhai kwa mambo mengine, aone kinachompata Kamala. Na mama yake, Muneeba, alikuwa ameshaitambua siri ya bintiye kabla ya yote hayo. Mama alijua. Alinyamaza akingoja aambiwe.

Komiki zenyewe zimewahi hata kuwapa wazazi nafasi ya kushinda hoja hii. Mwaka 2020, katika komiki ya Outlawed, maafa yanatokea kwenye shule ya Kamala, na serikali ya hadithi inapitisha sheria ya kuwazuia mashujaa walio chini ya miaka 21 wasifanye kazi bila msimamizi mtu mzima. Sheria inapewa jina la Kamala wakati yeye mwenyewe amelala hospitalini bila fahamu na hajaulizwa. Waandishi hawakuwachora watunga sheria kama wapumbavu. Hofu yao ni ya kweli, watoto kweli wanaumia. Kosa lililoonyeshwa ni la watu wazima kuamua mambo ya watoto kwa jina la mtoto ambaye hakuna aliyemsikiliza. Komiki inayofikiri namna hiyo huwezi kuiita mafunzo ya utoro.

Kuna hoja ya tatu, na hii nusu yake naikubali: kwamba hadithi hizi ni za kigeni. Makabati ya chuma kwenye korido, magari ya njano ya shule, dansi za kuhitimu. Mtoto wa mtaa wa Nyalenda hapa Kisumu, au wa Kakamega, anasoma kuhusu shule isiyofanana na yake hata kidogo. Kweli. Lakini tofauti iliyo muhimu iko ndani zaidi ya makabati. Peter na Kamala wanaachiliwa mchana, na kuanzia hapo jioni na usiku ni mali yao na ya familia zao. Hadithi nzima ya siri imesimama juu ya saa hizo. Kwetu shule za bweni zina mizizi mirefu, Maseno ilianzishwa 1906, na kwenye bweni usiku ni mali ya shule. Kuna maandalio, kuna kuitwa majina, kuna kiranja, kuna mwalimu wa zamu anayepita na tochi, kuna lango ambalo hutoki bila kibali. Shujaa wa bweni hawezi kwenda popote, na simu hana kwa sababu simu hairuhusiwi, basi hata kujua kwamba mji unaungua atajuaje? Aliyekaribia swali hili ni Miles Morales, aliyebuniwa na Brian Michael Bendis na Sara Pichelli mwaka 2011. Miles anapata nafasi kwenye shule ya bweni ya Brooklyn kwa bahati nasibu, namba 42, wazazi wakiwa wameshika roho mikononi. Wazazi wengi wa huku waliongoja Desemba 2025 kujua mtoto amepangiwa sekondari ipi wanaielewa picha hiyo bila kuelezwa. Lakini hata Miles analala shuleni siku za wiki tu, na lango lao ni jepesi. Ana rafiki yake Ganke, anayelala naye chumba kimoja na anayejua siri yake. Chumba cha watu wachache! Mchoraji wa kwetu angelazimika kufikiria bweni la watoto sitini, na hapo ama siri haipo, ama wote sitini wameamua kuitunza. Hadithi ya sitini wanaotunza siri ya mmoja haijaandikwa bado, na mimi ningeinunua leo.

Mashujaa tuliorithi hawatusaidii sana hapa, japo wana somo. Luanda Magere, shujaa wa masimulizi ya Wajaluo, wa ukoo wa Sidho huko Kano karibu na Kisumu, alikuwa na mwili wa jiwe na udhaifu wake ulikuwa kwenye kivuli. Siri hiyo ilitoka nyumbani kwake, kupitia kwa bibi harusi aliyetoka kwa maadui, siku alipougua na kuhitaji kuhudumiwa. Wazee waliosimulia hadithi hiyo walijua kwamba hatari ya mwenye nguvu iko kwa wale anaowahitaji. Ila Magere ni mtu mzima. Hakuna aliyekuwa akimngoja na rejista. Komiki ya Kenya ya Shujaaz nayo, iliyoanza 2010 ikasambazwa bure ndani ya gazeti la Daily Nation na kwa mawakala wa M-Pesa, ilimpa Kenya nzima DJ Boyie, kijana anayeficha jina lake na kurusha matangazo ya redio ya siri kutoka chumbani. Ilikuwa kazi kubwa, kwa Sheng iliyo hai, na haikuhitaji nguvu za ajabu ili kumfanya kijana kuwa shujaa. Lakini Boyie ana miaka 19 na ameshamaliza sekondari, hana kazi. Shujaa wetu wa komiki anayejulikana kuliko wote anaanza pale lango la shule linapofungwa nyuma yake. Miaka ya shule yenyewe, ambayo ndiyo inayomeza ujana wa karibu kila mtoto wa nchi hii, tumeiruka.

Na wakati wa kuiruka umekuwa mbaya, kwa sababu shule yenyewe imebadilika kwa njia inayomhusu shujaa moja kwa moja. Chini ya mfumo wa zamani wa elimu, 8-4-4, mwanafunzi aliyepotea angeweza, kwa bahati na kipaji, kukosa muhula mzima kisha akesha wiki sita kabla ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, na kujiokoa. Drama yote ilikuwa Novemba. Mfumo mpya wa CBE, elimu inayozingatia umilisi, umeisambaza. Wanafunzi waliojiunga na Gredi ya 10 Januari 2026, wa kwanza kabisa kuingia Sekondari Pevu, yaani ngazi ya juu ya sekondari, walipimwa kwa mtihani wa KJSEA, wa kumaliza sekondari ya chini, kwa asilimia 60 tu. Asilimia 20 ilitokana na tathmini ya Gredi ya 6 na 20 nyingine na tathmini zilizofanywa shuleni Gredi ya 7 na ya 8. Kwa msimulizi, mabadiliko hayo ni makubwa. Shujaa akikosa mradi wa kikundi wa Jumanne, wenzake wanne wanaumia pamoja naye, wiki hiyohiyo. Anatakiwa pia kuchagua mkondo, STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati), sayansi ya jamii au sanaa na michezo, akiwa na miaka kumi na mitano, wakati ana siri inayoweza kuufanya uchaguzi huo usiwe na maana.

Hebu tumweke mahali. Binti wa shule ya kutwa, anaishi Nyalenda na mama anayeuza samaki, ana wadogo wawili wa kuwachota kutoka shule ya msingi kila jioni. Tayari ana maisha mawili kabla hata hajapata nguvu zozote, na hilo ndilo ambalo wanaodai kwamba hadithi hizi hazituhusu hawajalitazama. Mtoto anayefika darasani akiwa amechoka kwa kazi ambazo mwalimu hazijui, na ambazo anaona haya kuzieleza, ameishi toleo la 31 lile bila kinyago. Sasa mpe nguvu, na ulete mvua ya Aprili. Mto Nyando umefurika, Kano iko chini ya maji, ziwa limepanda hadi nyumba za Dunga. Mwaka 2024 mafuriko yaliahirisha ufunguzi wa muhula wa pili nchi nzima, kutoka Aprili 29 hadi Mei 13, kwa hiyo adui huyu hahitaji kubuniwa. Binti huyu anaweza kuvuta mashua kumi kwa mkono. Nani atawachukua wadogo zake? Na mtaani, ambako kila mama anajua mtoto wa nani alipita saa ngapi na nani alimpakia kwenye bodaboda, ataificha wapi sura yake? New York inampa Peter ngao ya kutojulikana. Nyalenda haitampa. Jirani atamtambua kwa mwendo. Hapo siri inageuka kitu cha jamii: wanaojua, wanaojifanya hawajui, na yule mmoja anayeweza kusema kwa sababu amekosana na mama mtu juu ya deni la sokoni. Huyo mmoja anamrudisha Magere kwenye hadithi, safari hii akiwa na sare.

Kinachonipa hamu zaidi ni nani atakayeichora. Mwaka 1962 Stan Lee alikuwa na miaka 39 na Ditko 34. Waliandika juu ya shule kwa kukumbuka. Karibu hadithi zote nilizozitaja ni kazi ya watu wazima wanaowatazama vijana kutoka mbali, na pale zinapoteleza, kama ile kalenda ya miaka kumi na moja, zinateleza kwa sababu mwandishi hakuwa na muhula wowote unaomwishia. Wizara ililenga takriban asilimia 15 ya wanafunzi wa Sekondari Pevu waingie mkondo wa sanaa na michezo. Miongoni mwao wapo wanaochora vizuri, na wako ndani ya lango hivi sasa, wanaamshwa na kengele alfajiri, wengine wametumwa nyumbani kwa karo wiki hii. Walimu wa sanaa wa Kisumu, Nakuru, Kakamega na Bungoma wanaweza kuwapa mradi wa kurasa nane kabla ya muhula kwisha: shujaa wa rika lao, shule yao, mtaa wao, na mtu mmoja anayemuuliza alikuwa wapi. Wakingoja wafike miaka thelathini na tisa, watakuwa wamesahau harufu ya bweni, na watamtoa shujaa wao shuleni kama wengine wote.